Mafuta Niliyokatazwa Mimi

Mwenye mafuta mengi kwa damu nilikuwa mimi. Nataka hiyo ijulikane kwanza. Watu wakija kumwona bibi yangu, mama ya watoto wangu, wanamkuta amekaa kwa kiti cha plastiki nje ya jikoni, mkono wake wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kushika. Wanamwangalia vile alivyo mwembamba, halafu wananiangalia mimi na tumbo langu linalotangulia mlangoni, na naona kwa macho yao wanafikiri kuna makosa mahali, kiharusi kilikosea nyumba. Hata mimi nafikiri hivyo siku nyingine.

Mimi niliacha shule darasa la tatu, kwa hivyo nitaandika kama ninavyoongea. Nikipotea njiani nitarudi.

Kwetu ni upande wa Bomet, mahali chai inaanza na mahindi hayajaisha. Tuna chai kidogo, ng'ombe wa maziwa, na kipande cha mahindi na maharagwe. Maisha yangu yote nimekula kama baba yangu alivyokula: ugali, maziwa ya kibuyu tunayoita mursik, nyama ikipatikana, na chai ya maziwa matupu bila maji, kwa sababu chai ya maji unampa mtu unayetaka aende haraka. Tofauti ni kwamba baba alikuwa anafuata ng'ombe tangu asubuhi mpaka jioni, na mimi hata kupeleka maziwa barabarani naitisha boda boda. Hiyo nilikuja kuelezwa baadaye. Wakati huo nilifikiri tumbo ni heshima ya uzee.

Basi wakati mmoja kanisa letu lilileta watu wa hospitali wapime wazee bure. Tulipanga foleni nje, tukitaniana nani ana sukari na nani ana presha. Walichukua damu, na baadaye tukaitwa mmoja mmoja. Daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Akaniambia, "Mzee, una kolestro nyingi. Ni mafuta yanayotembea ndani ya damu. Yakizidi yanashika kwa ukuta wa mishipa polepole, kama masizi ndani ya bomba la moshi, mpaka siku njia inafungwa. Ikifungwa kwa moyo, ni moyo. Ikifungwa kwa kichwa, ni kiharusi."

Nikamuuliza, "Na mtu anajuaje inafungwa?"

"Hajui," akasema. "Hakuna uchungu. Ndiyo maana tunapima."

Bibi yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika koti langu. Yule msichana akamwangalia. "Na wewe mama, umepimwa?"

Foleni yote ikacheka, na yeye akacheka kuliko wote. "Mimi? Daktari, mimi hata mafuta ya kujipaka sina, nitatoa wapi ya kuweka kwa damu?"

Daktari akasema hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo, apimwe tu. Lakini jua lilikuwa linaenda na ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa. Mtu mwembamba mwenye ng'ombe hajakamuliwa hangoji foleni ya watu wanene. Akaniambia nisikilize vizuri masharti, yeye anatangulia nyumbani.

Nikasikiliza. Maziwa yatolewe malai. Nyama itolewe mafuta yote meupe, na isiliwe kila mara. Mafuta ya kopo, yale ya kuganda, yaachwe, tutumie ya maji na kidogo. Maharagwe yaongezwe, na mboga za managu na sukuma, na ugali wa wimbi. Parachichi hakukataza, hata omena, wale samaki wadogo, alisifu. Kutembea kila siku mpaka jasho litoke. Na tembe moja kila jioni, si ya wiki mbili kama dawa ya kikohozi, ni ya kuendelea nayo.

Nilimpelekea bibi yangu maneno hayo yote kama mjumbe. Na sasa lazima niseme kidogo juu yake, ndiyo mjue kwa nini ilienda vile ilienda.

Yeye alizaliwa kule Chebunyo, upande wa joto, na alikua wakati wa kiangazi kibaya. Anakumbuka mama yao akichemsha ngozi. Mtu aliyeonja supu ya ngozi hatupi chakula mpaka kufa kwake. Kwa nyumba yetu ukoko wa ugali unaliwa, maji ya maharagwe yananywewa, hata makombo ya mkate wa ibada anayafuta kwa kidole. Nilipomuoa alikuwa mwembamba hivi kwamba mama yangu alimwita mwiko. "Umeniletea mwiko, na mimi niliomba sufuria." Miaka yote hiyo alikula kama watu wengine na hakunenepa. Alivumilia hilo jina mpaka mama akafa, na baada ya hapo akajiita mwenyewe. Akiitwa kutoka mbali anajibu, "Mwiko uko huku."

Lakini mikono yake! Hakuna mwanamke kijijini aliyekuwa na mikono kama hiyo kwa chai. Anaingia mstarini na wengine, na wengine wakifika katikati yeye amemaliza, na majani yake ni yale yanayotakiwa, mawili na kichipukizi, hakuna bua gumu, hakuna jani zee. Karani wa kituo cha kuuza majani alikuwa anapekua vikapu vya watu wote, akifika kwake anapitisha tu. Na vibuyu vyake vya maziwa alisafisha mwenyewe, akasugua mkaa ndani mwenyewe. Hakuna mkono mwingine uliogusa vibuyu vyake, hata wa mke wa mwanangu, ambaye ni msichana mzuri na tunakaa naye boma moja.

Sasa, siku iliyofuata akachemsha maziwa, akayaacha yapoe, na ule utando mnene wa juu akautoa kwa kijiko. Mimi nikapewa maziwa ya chini, mepesi, ya rangi ya maji ya kuosha mchele. Nikaangalia ule utando kwa bakuli kama mtu anavyoangalia shamba lililouzwa. Nikamuuliza, "Hiyo unapeleka wapi?"

"Nitapeleka wapi? Nitatupa baraka ya Mungu kwa nyasi?"

Akaweka juu ya ugali wake, akala.

Ikawa hivyo. Nyama ikija, mafuta meupe anayakata kwa sehemu yangu na kuyaweka kwa sehemu yake. Lile kopo la mafuta ya kuganda lilikuwa jipya, na yeye akaamua kulimaliza polepole kwa mboga zake, zangu zikipikwa na mafuta ya maji kwa sufuria ndogo. Hata yai, mimi nilikula jeupe zaidi, kiini kinaenda kwake. Na mimi nilifurahi. Kusema kweli nilifurahi sana. Nilikuwa namwonea huruma miaka mingi, na sasa mashavu yakajaa kidogo, ngozi ikang'aa. Wanawake wa kanisa wakamwambia, "Mama, ugonjwa wa mzee umekupendeza!" Akacheka, akasema, "Afadhali mwiko sasa umepakwa mafuta."

Hakuna mtu alijua. Mke wa mwanangu hakujua, na yeye alisoma mpaka chuo. Kwa akili zetu zote mafuta yalikuwa ugonjwa wa tumbo kubwa. Mwenye tumbo akikatazwa, asiye na tumbo ameachiwa.

Na kutembea nako. Nicheke kidogo hapa, maana mbele hakuna kicheko. Kwetu mzee hatembei bure. Mzee akionekana barabarani mikono mitupu, hana mzigo, hana mfugo mbele yake, kuna jambo. Siku ya kwanza jirani mwenye duka, ambaye wazazi wake walitoka upande wa kati wa nchi wakanunua shamba hapa, alitoka nje akaniita. "Mzee, ng'ombe imepotea?"

"Hapana. Natembea tu."

"Unaenda wapi?"

"Naenda nirudi."

Akaniangalia vizuri. "Nyumbani kuko salama? Mama hajakufukuza?"

Boda boda wakasimama kila mmoja kunibeba bure kwa huruma. Na kila boma nililopita, mtu yuko mlangoni: karibu, ingia, huwezi kupita kama mtoza kodi. Ukiingia ni chai ya maziwa. Ukikataa umemtukana mwenye nyumba, anafikiri umesikia jambo mbaya juu yake. Nilikuwa natoka nyumbani kupunguza mafuta, narudi nimekunywa ya boma nne. Nikamweleza bibi yangu, akanipa panga. "Shika hii. Mtu mwenye panga ana kazi, hawamsumbui." Ikafaulu. Nilitembea na panga mpaka barabara ya kiwanda cha chai na kurudi, nikipungia watu mkono kama mtu anayewahi kukata ua.

Nilinunua hata vidonge vya vitunguu saumu na mafuta ya samaki, kwa mtu mwenye kipaza sauti sokoni Chepseon nilipoenda matanga. Alisema vinafagia mishipa. Nikapeleka chupa kwa yule daktari msichana. Hakunikemea. Aliniambia omena ya sokoni ina mafuta hayo hayo ya samaki, na ya kwamba kitu chochote nikitaka kumeza pamoja na tembe zake nimuulize kwanza, kwa sababu vingine vinagombana ndani ya mwili. Chupa ikakaa kwa dirisha.

Nilipopimwa tena, mafuta yangu yalikuwa yameshuka. Daktari alinipa mkono. Nilirudi nyumbani nikiimba, na bibi yangu akachinja kuku, mimi nikapewa kidari bila ngozi, na ngozi unajua ilienda wapi.

Alianguka kwa chai, msimu wa mvua ndefu, majani yalipokuwa yanakuja kwa fujo. Ilikuwa asubuhi bado kuna umande. Mke wa mwanangu alikuwa mstari wa pili. Anasema mama alisimama, akaangalia mkono wake wa kulia kana kwamba umemjibu vibaya, akajaribu kuchuma, majani yakaanguka chini badala ya kuingia kikapuni. Akajaribu tena. Halafu mdomo ukaenda upande, na akakaa chini polepole katikati ya chai, mpaka ni kikapu tu kilionekana juu ya majani. Nilisikia mke wa mwanangu akilia jina la Mungu. Nilikimbia na hilo tumbo langu. Nilipofika alikuwa ananiangalia na kujua ni mimi, lakini maneno aliyotoa hayakuwa ya Kipsigis wala ya lugha yoyote.

Tukampeleka hospitali kwa gari la jirani yule wa duka, na sitasahau hilo kwake. Walimpiga picha ya kichwa. Walipima presha, walipima damu. Daktari wa huko alikuwa mwanaume wa makamo, mpole. Akaniambia mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono wa kulia umekufa, na mguu umelegea. Presha iko juu. Na mafuta kwa damu ni mengi sana.

"Daktari, umechanganya karatasi," nikasema. "Mwenye mafuta ni mimi. Angalia mtu huyu. Utatoa mafuta wapi hapa?"

"Mzee, ini la mtu lenyewe hutengeneza mafuta haya. Kuna watu wembamba ambao ini lao linatengeneza kupita kiasi, ni ya ukoo. Halafu wakiongeza ya chakula, inapanda zaidi. Kwao kuna mtu aliyekufa ghafla?"

Nikasema hakuna. Kwa sababu kwao walikuwa wanasema mama yao alirogwa, na kurogwa sikuhesabu.

Nikamweleza ya malai. Nilimweleza yote, kijiko na bakuli na ngozi ya kuku. Nilitaka aniambie ndiyo, ni hiyo, au hapana, si hiyo. Mtu anaweza kubeba moja ya hayo. Akasema hawezi kujua. Presha peke yake ingetosha. Ukoo peke yake ungetosha. Malai yalisaidia kusukuma, lakini ni kiasi gani, hakuna kipimo cha kumwonyesha hilo. Nikatoka nikasimama kwa ukuta wa nje, na mpaka leo bado nimesimama hapo.

Maneno ya bibi yangu yalirudi kabla ya mguu. Neno la kwanza nililolielewa lilikuwa, "Mkono." La pili, siku nyingine, "Nataka mkono wangu." Daktari alimpa tembe za presha, na ya kufanya damu isigande, na ya mafuta, ile ile yangu. Akafundishwa kunyoosha vidole vilivyokufa kwa mkono wa kushoto, kukamua kitambaa, kubingirisha chupa mezani. Bibi yangu alisikiliza kuliko mimi nilivyowahi kusikiliza. Kwa mawazo yake ilikuwa hivi: mafuta yalifunga njia ya mkono, mafuta yakiondoka njia itafunguka, mkono utarudi. Hakusema hivyo mbele ya daktari. Alisema kwangu, na kwangu ilionekana ni kweli.

Tukafika nyumbani, na hata wiki haikuisha, ndugu yake mkubwa akaja kutoka Chebunyo na kondoo.

Mtu wa mbali hataelewa kondoo huyo. Kwetu, mwanamke akizaa, au mtu akivunjika mfupa, au akitoka kwa ugonjwa mkubwa, anachinjiwa kondoo, na mafuta ya mkia yanayeyushwa na kunywewa yakiwa moto kwa kikombe. Ndiyo upendo wenyewe huo. Bibi yangu alikunywa kwa kila mtoto aliyezaa. Na shemeji alikuwa amechagua kondoo mkubwa, mkia unaning'inia kama mfuko. Alimfunga kwa nguzo ya ua kabla hata ya kunisalimu.

"Chamgei, shemeji. Mgonjwa?"

"Yuko. Karibu ukae kwanza."

"Sikai. Nipe kisu na sufuria kubwa. Nimeambiwa dada yangu ameisha. Nyinyi watu wa chai mnamlisha nini, majani?"

"Daktari alikataza mafuta."

"Daktari gani? Mtoto?"

"Mtu mzima."

"Yeye alizaliwa wapi, mama yake akanywa nini alipomzaa?" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Shemeji, wewe ulikula mafuta yako miaka yote, tumbo ni hilo, bado unatembea na panga barabarani, hata Chebunyo tumesikia. Dada yangu ambaye hajawahi kushiba, ndiye unamnyima?"

Ndugu ya mke hajibiwi hovyo, na kukataa mnyama wake ni kama kumwambia hakuna undugu tena. Nikajaribu njia ya pembeni. Nikasema labda tungoje. Akasema wazee wetu walikunywa mafuta na nyama wakafika uzee wao, kwa sababu waliweka magome na mizizi michungu ndani ya supu, nayo ilikata mafuta. Akatoa mizizi hiyo kwa mfuko wa koti, imefungwa kwa gazeti. "Nimeleta hata hii. Mafuta yaingie, mzizi uyatoe."

"Mama yetu alikunywa hivyo maisha yake yote," akaendelea. "Mafuta ya kondoo, na mzizi huu huu."

Bibi yangu alikuwa kwa kiti pale nje ya jikoni. Tulifikiri amesinzia. Sauti yake ilikuwa inatoka upande mmoja wa mdomo, nzito kama ya mtu ana uji moto.

"Na alikufa aje?"

Shemeji akageuka. "Nani?"

"Mama."

"Unajua alikufa aje. Yule mwanamke jirani alimroga kwa sababu ya mpaka."

"Mimi nilikuwa hapo," akasema. "Wewe ulikuwa na ng'ombe. Alikuwa anasaga wimbi. Aliangalia mkono wake. Mdomo ukaenda upande." Akapumzika. Kuongea kulimchosha kama kupanda mlima. "Akaanguka kama mimi."

Kondoo alikuwa anakula ua letu. Ndugu huyo ni mtu mkubwa, ana wajukuu, nimemwona akikata shingo ya fahali bila kubadilika uso. Akakunja ile mizizi yake tena kwa gazeti, polepole, akakosea, akakunja tena. Halafu akaenda kumfungua kondoo.

"Usirudi naye," bibi yangu akasema. "Watasema tumekufukuza. Mchinje mle na watoto. Mimi mniletee maharagwe."

Tulimchinja. Watoto walikula wakafurahi, mimi nikachukua kipande kimoja bila mafuta. Shemeji hakula. Alikaa karibu na dada yake, akamwangalia mke wa mwanangu akimlisha maharagwe kwa kijiko. Mkia tulimpa aende nao, akaukataa, mke wa mwanangu akauzika nyuma ya zizi. Ni mara ya kwanza chakula kuzikwa kwa boma letu, na bibi yangu aligeuza uso asione. Daktari alikuwa amesema ndugu wote na watoto wetu wapimwe. Watoto walipimwa, na mmoja anameza tembe sasa. Shemeji, kila nikimpigia simu, anasema atakuja wiki ijayo.

Basi tukaanza maisha hayo. Mimi nikaingia jikoni. Mke wa mwanangu ana kazi yake ya kufundisha, na mgonjwa hangoji jioni. Kwa hivyo mzee wa umri wangu nikajifunza kukata sukuma na kuchambua managu. Mmoja wa rika langu, tuliotahiriwa pamoja, alipita akanikuta na mwiko mkononi. "Kumbe umeolewa jikoni siku hizi!" akasema. "Tukuletee shanga?" Nikamwambia alete na kitunguu. Alicheka mpaka akamwona bibi yangu, akaomba maji ya kunywa ambayo hakuyanywa.

Maziwa sasa tunapeleka yote kwa gari la maziwa, na malai yake ndani. Tunabakisha kidogo ya chai, na hayo nayatoa utando mwenyewe. Siku ya kwanza nilipoutoa, nilisimama na kile kijiko bila kujua niweke wapi. Mbwa wamenona.

Tembe za mafuta zilimsumbua mwanzo. Alisema zinamtafuna miguu usiku, nyama yote inauma. Akataka kuacha, halafu akaniambia hapana, akiacha mkono hautarudi. Nikamwomba aseme kwa daktari. Akasema, akabadilishiwa nyingine, uchungu ukapungua. Aliendelea. Alikula kile kilichosemwa na hakuonja kilichokatazwa, hata Krismasi. Kila asubuhi alibingirisha ile chupa mezani, na mguu ulirudi, akaanza kutembea na fimbo mpaka zizini. Kidole kimoja kilianza kutikisika. Tulikiangalia kidole hicho sote kama watu wanaongoja kifaranga kitoke kwa yai.

Halafu siku ya kliniki ikafika. Daktari, yule mpole, akasoma karatasi akatabasamu. "Mama, umefanya vizuri sana. Mafuta yameshuka kabisa. Presha nayo nzuri. Ningekuwa na wagonjwa kama wewe!"

Bibi yangu akangoja amalize kufurahi. Halafu akauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya meza ya daktari, kama mtu anayeonyesha kitu kilichonunuliwa kikiwa kibovu. "Na huu?"

Daktari akaushika, akakunja vidole, akanyoosha. Akasema mazoezi yaendelee, labda kidogo utaongezeka. "Lakini mama, ile sehemu ya ubongo iliyokufa, tembe ya mafuta haiifufui. Tembe ni ya kuzuia kingine kisije."

"Mafuta yameondoka," akasema.

"Ndiyo."

"Na njia imefunguka."

"Njia zilizobaki, mama, tunazilinda. Ile moja imepita."

Tulipofika nyumbani hakutaka kukaa. Akashika fimbo, akaelekea chai, na mimi nyuma yake. Majani yalikuwa tayari, chai haingoji mtu kupona. Akasimama mwanzo wa mstari, akanipa fimbo, akaegemeza mguu kwa shina, na kuchuma kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto kazi yake ilikuwa kufuata wa kulia tu. Alichuma kidogo, akayaangalia kwa kiganja. Mabua yalikuwemo, na jani zee.

"Karani atayakataa haya," akasema.

"Hawezi. Nitaongea naye, anakujua."

"Usiongee na mtu." Akafungua kiganja, yakaanguka. "Nirudishe nyumbani."

Jioni nilimletea tembe yake na maji, kama kila siku. Akaiangalia kwa mkono wangu. Haikuwa na hasira, sauti yake. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu.

"Ya nini sasa?"

"Usianguke tena."

"Na nisipoanguka, nitafanya nini?"

Nikabaki nimepiga magoti pale na kikombe. Alikaa muda mrefu akiangalia upande wa chai, mpaka giza likaifunika. Halafu akafungua mdomo, nikaiweka kwa ulimi.